Kungoja si Kazi

Subira ni neno jema, lakini hutumiwa vibaya. Tangu utoto twaambiwa kuwa subira huvuta heri, na waliotuambia hawakusema uongo. Walakini methali ni kama kisu. Yampasa mtu ajue upande wenye makali kabla hajakishika. Mkulima angojaye mvua hali shamba lake limekwisha kulimwa na mbegu zake zimo ghalani, huyo ana subira. Jirani yake aketiye chini ya mwembe akiyatazama mawingu yaleyale, jembe lake likishika kutu, huyo ana uvivu, naye ameuvika uvivu wake kanzu ya subira ili watu wasiutambue. Wote wawili wangoja. Mvua itakaponyesha, mmoja tu ndiye atakayepanda.

Nataka kujadiliana nawe, msomaji, juu ya kungoja huku kwa namna mbili. Ushahidi wangu siuleti kutoka vitani wala kutoka bungeni. Nauleta kutoka mahali ambapo walimu wenzangu wengi hawatazamii kupata fundisho lolote, nako ni katika mchezo wa video. Najua wako watakaofunga kitabu wasomapo maneno haya, na wako wengine ambao sasa ndiyo kwanza watakifungua vizuri. Nayaomba makundi yote mawili yavumilie kidogo, maana nina neno na kila moja.

Mchezo wenyewe waitwa Mother 3. Ulitungwa na Shigesato Itoi, Mjapani aliyejulikana kwanza kwa ustadi wake wa kuandika maneno ya matangazo ya biashara. Kampuni ya Nintendo iliuuza Japani tarehe 20 Aprili 2006, uchezwe katika Game Boy Advance, chombo kidogo ambacho mchezaji hukishika mikononi na kukitia mfukoni akimaliza. Kama jina lake linavyoonyesha, ulikuwa wa tatu katika mfuatano. Wa kwanza ulitoka Japani mwaka 1989. Wa pili ulitoka huko mwaka 1994, na mwaka uliofuata ukafika Marekani kwa jina la EarthBound. Vijana wachache wa Marekani waliuonja huo wa pili, wakaupenda kwa mapenzi yasiyokuwa ya kawaida. Basi wa tatu ulipotoka, walikaa kuungoja kwa Kiingereza. Haukuja mwaka ule, wala mwaka wa pili. Hata mwaka 2024, Nintendo ilipoutoa upya uchezwe kwa njia ya mtandao katika mashine yake iitwayo Switch, iliutoa Japani peke yake.

Labda utauliza, ni mchezo wa namna gani hata watu waungoje kwa miaka mingi hivyo? Swali lako ni la haki, na sharti nilijibu kabla sijaendelea.

Hadithi yake yaanza katika kijiji kiitwacho Tazmily, kilicho pwani ya kisiwa. Wanakijiji hawajui fedha. Mwenye kuhitaji kitu hukiendea dukani akakichukua, na hapana anayemdai. Kiko chumba cha kufungia wahalifu, lakini hakijapata mhalifu. Hapo waishi mtu mmoja aitwaye Flint, mkewe Hinawa, na watoto wao pacha, Lucas na Claus. Siku moja wavamizi waliovaa vinyago vya nguruwe wauwasha moto msitu, na kabla hata sura ya kwanza ya hadithi haijakwisha, yule mama afa. Flint, akirukwa na akili kwa huzuni, awapiga majirani zake mwenyewe, naye huwa mtu wa kwanza kutiwa katika chumba kile. Kijiji kisichojua kifungo chalazimika kumfunga mtu aliyefiwa. Niambie, msomaji, ni riwaya ngapi umesoma ambazo zaanza kwa pigo zito kuliko hilo?

Kisha aja mchuuzi. Awaambia wanakijiji kuwa wao si wenye furaha, ila hawajijui tu. Awaletea fedha. Awaletea na masanduku yenye mwanga, na kila nyumba iliyo na sanduku yasifiwa, na isiyo nalo yatazamwa kwa jicho baya. Miaka mitatu baadaye kijiji hakitambulikani tena. Reli imejengwa, watu wamekuwa vibarua, na wazee wamepelekwa kukaa katika nyumba mbovu ya wazee. Hakuna aliyewashurutisha kwa bunduki, walishawishiwa, wakakubali. Katika Kijapani mchuuzi huyu aitwa Yokuba, jina lililotokana na neno lenye maana ya kuwa na tamaa. Waliomfasiri kwa Kiingereza walimwita Fassad, na Mwingereza husikia humo neno lake la uso wa jengo, uso wa kuficha yaliyo ndani. Lakini msomaji wa Kiswahili asikia zaidi, maana katika jina hilo kuna mlio wa neno letu wenyewe, fisadi. Hatuhitaji mkalimani wa kutueleza kazi ya mtu wa jina hilo.

Wala usidhani kuwa mchezo huu ni kilio kitupu. Umejaa vichekesho na mambo ya ajabu. Mchezaji akitaka kuhifadhi hatua aliyofikia, hana budi kuzungumza na chura, na vyura hao humngojea kila mahali, wengine katika hali za kuchekesha. Wako wanyama walioungwa na mashine kama nguo iliyotiwa viraka. Katika mapigano, mchezaji aliye na sikio la muziki aweza kubonyeza kitufe kwa mdundo wa ngoma ichezwayo wakati ule, na kila mdundo aufuatao huongeza pigo, hata mapigo 16 kwa mfululizo. Kicheko na msiba vimekaa pamoja, kama vikaavyo katika matanga ya watu wetu, ambapo aliyelia asubuhi hucheka jioni kwa kukumbuka mzaha wa marehemu.

Sasa nawageukia wale waliotaka kufunga kitabu. Wao husema kuwa mchezo ni upuuzi na kwamba kijana aungojaye apoteza umri wake. Nawaheshimu, kwa sababu nami nimewahi kumnyang'anya mwanafunzi simu akicheza wakati wa somo, na kesho nitamnyang'anya tena. Saa ya hesabu ni ya hesabu. Lakini kusema kwamba jambo lina wakati wake si kusema kwamba halina thamani. Hadithi za bibi zilisimuliwa usiku, baada ya kazi, na bibi angemfukuza mtoto aliyezidai mchana wakati wa kuchota maji. Je, kwa sababu hiyo hadithi zile zilikuwa upuuzi? Chombo hakiamui ubora wa hadithi. Kitabu chaweza kubeba takataka, na chombo kidogo cha plastiki chaweza kubeba hekima. Anayekihukumu kikombe bila kuonja kilichomo ana haraka tu, na haraka hiyo asiiite busara.

Tuje kwa Nintendo. Yafaa tuiangalie kampuni hii kwa uadilifu, tusiitukane. Kufasiri mchezo wenye maneno mengi ni gharama. EarthBound haukuuzwa vema Marekani mwaka 1995. Tena Mother 3 ulichelewa sana kuzaliwa: ulianzwa kwa mashine nyingine, ukaonyeshwa watu mwaka 1999, ukafutwa mwaka 2000, ukafufuliwa mwaka 2003, na ulipotoka mwaka 2006, Game Boy Advance ilikuwa katika siku zake za uzee, maana chombo kipya, Nintendo DS, kilikuwa sokoni tangu mwaka 2004. Mfanyabiashara aliyepiga hesabu zake akaona hapana faida hakutenda ajabu. Biashara ndiyo hiyo.

Lakini hapa ndipo ninapopingana na hesabu hiyo. Duka lina haki ya kutouza. Halina haki ya kutufundisha kuwa kisichouzika hakina thamani, na sisi ndio tunaojidhuru tunapolikubali fundisho hilo. Tazama jinsi kampuni yenyewe ilivyojikanusha. Mwaka 2008 iliuza duniani kote mchezo mwingine wa mapigano, Super Smash Bros. Brawl, na miongoni mwa mashujaa wake alikuwamo Lucas, yule mtoto wa Tazmily. Vijana wa Marekani na Ulaya wakauziwa shujaa ambaye hadithi yake walinyimwa. Ni kama kuuza picha ya mtunzi mbele ya duka ambalo ndani yake vitabu vyake vimefungiwa. Kisha mwaka 2014, katika onyesho lake la kila mwaka, kampuni ilitoa filamu fupi ya mzaha: shabiki amsimamia mkuu wa tawi la Marekani na kumdai Mother 3, na mkuu yule amchoma kwa moto. Watu walicheka, na mimi siwakatazi kucheka. Lakini mzaha huo wathibitisha jambo moja, kwamba kampuni ilijua vizuri sana nani alikuwa akingoja, na alikuwa akingoja nini.

Tena mchezo wa kwanza wa mfuatano huu ulipatwa na mkasa wa kusikitisha zaidi. Ulikwisha kufasiriwa kwa Kiingereza mnamo mwaka 1990. Kazi ilikamilika. Kisha ukawekwa kando usiuzwe, na tafsiri ileile haikutolewa rasmi mpaka mwezi Juni 2015. Miaka 25 kitu kilichokwisha kupikwa kilifunikwa chunguni na wenye njaa walikuwa mlangoni. Na watu wa Ulaya, ambao hata ule wa pili hawakuuziwa, waliupata rasmi mwaka 2013, miaka 18 baada ya Wamarekani. Mtoto wa miaka kumi mwaka 1995 alikuwa mtu mzima wa miaka 28 alipofunguliwa mlango. Fikiri, msomaji, ni mambo mangapi yawezayo kumpata mtu katika miaka hiyo, na kama ladha aliyoitamani utotoni angali na ulimi wa kuionja.

Basi wangojaji walifanya nini? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwanzoni walifanya kama afanyavyo kila mngojaji: waliomba. Chama chao cha mtandaoni, Starmen.net, kilikusanya saini za maelfu ya watu. Waliandika barua. Walipiga simu. Walitoa kitabu cha picha walizozichora wenyewe, ili kampuni ione jinsi wanavyoupenda mchezo. Hayo yote ni mema, na sina neno la kuyalaumu. Mwenye haja huomba, na aombaye kwa adabu hana aibu. Lakini maombi yalipopita na jibu lisije, walifika katika njia panda ambayo kila mtu hufika siku moja maishani mwake. Njia moja ilikuwa ya kunung'unika. Ni njia pana, ina kivuli, na mtu haachi kupata wenzake wa kutembea nao. Njia ya pili ilikuwa ya kazi.

Mwezi Novemba 2006 wachache kati yao walitangaza kuwa wangeufasiri mchezo huo wenyewe. Kiongozi wao alikuwa Clyde Mandelin, mtu ambaye ufasiri wa Kijapani ndiyo kazi yake ya riziki. Zingatia jambo hilo. Hakuwa mtu wa kubahatisha kwa kamusi. Alikuwa amekwisha kujifunza lugha ile kwa miaka mingi kabla ya siku ile kuja. Shamba lake lilikuwa limelimwa kabla ya mvua. Angalikuwa ni shabiki mwenye mapenzi tu bila elimu, mapenzi yake yangalibaki kuwa machozi.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Maneno ya mchezo, yalipokwisha kufasiriwa, yalijaza kurasa zipatazo 1,000. Nayo si maneno ya kawaida. Itoi huandika kwa mzaha na kwa maana mbili, na mzaha ni samaki ambaye hufa akitolewa majini. Mfasiri hana budi kumtafutia maji mengine ya kumweka. Tena palikuwa na tatizo la ufundi. Kijapani huandikwa kwa alama ambazo kila moja hubeba silabi nzima, hivyo sentensi ndefu hukaa mahali padogo. Kiingereza huhitaji herufi nyingi kwa maana ileile. Kioo cha chombo kile ni kidogo, na mchezo ulitengenezwa kwa kupima nafasi ya alama za Kijapani. Ikawabidi mafundi wa programu waingie ndani ya matumbo ya mchezo, ambao hawakuutengeneza wala hawakupewa ramani yake, wabadili namna unavyoonyesha maandishi, ili herufi nyembamba zichukue nafasi nyembamba na herufi pana zichukue nafasi pana. Walifanya hivyo usiku na siku za mapumziko, baada ya kazi zao za kila siku, kwa maelfu ya saa, bila mshahara.

Tarehe 17 Oktoba 2008 walimaliza. Katika juma la kwanza tafsiri ile ilichukuliwa zaidi ya mara 100,000. Na tangu hapo mwenye Kiingereza yeyote aweza kuijua habari ya Tazmily. Nami, ambaye sijui Kijapani hata neno la kuomba maji, nisingaliweza kukusimulia habari ya Flint na Hinawa kama wale wachache wangaliridhika na kunung'unika.

Liko jambo moja dogo hapa ambalo lafaa lisipite. Katriji ya Game Boy Advance iliyonunuliwa Tokyo huingia katika chombo kilichonunuliwa New York, ikacheza bila taabu. Hapakuwa na kufuli ya chuma. Aliyetaka aliweza kuagiza mchezo kutoka Japani, akautia katika chombo chake, akaona picha na kusikia muziki. Kizuizi kilikuwa lugha peke yake. Ukuta wote uliowazuia watu wale kwa miaka ulijengwa kwa maneno, na kwa hiyo aliyeujua Kijapani hakuuona ukuta kabisa. Alipita. Ujuzi wa lugha ni ufunguo ambao hapana kampuni iwezayo kumnyang'anya mtu.

Nasikia sasa sauti ya mtu wa sheria ikiniuliza: Je, mwalimu, huu si wizi? Wawafundisha watoto kuiba? Swali hili sitalikwepa, kwa sababu mwalimu alikwepaye swali la haki hastahili chaki. Wafasiri wale hawakugawa mchezo. Waligawa faili ndogo yenye tafsiri na marekebisho yake tu, ambayo peke yake haichezeki. Ni ya kubandikwa juu ya mchezo wenyewe. Hawakuiuza. Na mwaka 2013 Mandelin alijitolea hadharani kuipa Nintendo tafsiri yake bure, ikiwa hilo lingeisaidia kuutoa mchezo rasmi. Mwizi hamfuati mwenye mali kumpa zawadi. Hata hivyo, aliyeuchukua mchezo wenyewe bila kuununua alikosa, na simtetei. Tena ni kweli kwamba katika nchi nyingi haki ya kufasiri kazi ni ya mwenye kazi, na wanasheria waweza kuwalaumu hata hao wafasiri. Sikuambii basi, msomaji, uige kila walilolitenda. Nakuambia uige bidii yao na elimu yao, na kwa upande wa sheria uchague shamba ambalo hapana mwenyewe wa kukufukuza.

Nalo shamba hilo lipo, kubwa, limejaa magugu kwa kukosa wakulima. Nisikilize.

Mwaka mmoja, katika darasa langu la kidato cha pili, kijana aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, mbona michezo tunayocheza haisemi Kiswahili? Inasema Kiingereza, Kijapani, Kifaransa, na sisi je?" Darasa zima likaitikia kwa manung'uniko ya kumuunga mkono. Nikamjibu kwa swali: "Nani amekwisha kufasiri chochote kwa Kiswahili, hata ukurasa mmoja, hata kwa kujaribu?" Kukawa kimya. Nikaona kuwa nimewaonea kidogo, kwa hiyo nikaongeza: "Mimi mwenyewe pia sijafasiri." Na hiyo ndiyo kweli iliyonisukuma kuandika insha hii. Swali la kijana lilikuwa jema. Lililokosekana lilikuwa hatua ya pili.

Hesabu iliyowafungia mlango Wamarekani ndiyo itufungiayo sisi, ila sisi yatukaza zaidi. Ikiwa mfanyabiashara aliona kuwa wasemaji wa Kiingereza, wenye fedha zao zote, hawatoshi kumlipa gharama ya tafsiri, sisi tutangoja hadi lini atuone sisi? Kiswahili chasemwa na mamilioni ya watu kutoka Lamu hadi Lubumbashi, lakini mwenye duka hahesabu vinywa, ahesabu mifuko. Tukikaa barazani tukimngoja, tutazeeka barazani.

Wala usiseme kuwa jambo hili haliwezekani, kwa maana limewahi kutendwa hapa kwetu. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mfasiri wake alikuwa Julius Nyerere, na wakati ule alikuwa Rais wa Tanganyika. Nchi changa ilikuwa mikononi mwake, na bado alipata saa za kupigana na mashairi ya Kiingereza. Mwaka 1969 aliongeza Mabepari wa Venisi. Sisi, ambao hatutawali hata mji mdogo, twasema hatuna nafasi! Mwaka 1973 Clement Ndulute alitupa Shujaa Okonkwo, riwaya ya Chinua Achebe kwa Kiswahili. Na kwa wale wanaodhani kuwa mambo ya kompyuta ni ya wageni peke yao, wajue kuwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi walitoa programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, nayo ikaitwa Jambo OpenOffice. Programu hiyo ni ya namna ambayo wenyewe wameiruhusu dunia kuifasiri. Hapakuwa na haja ya kumngoja mtu.

Hapa Kenya haki ya mwandishi juu ya kitabu chake hudumu muda wa maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Waandishi waliokufa zamani, kazi zao ni uwanja wa wote. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na hapana aliyehitaji kumwandikia barua ya ruhusa. Kuna programu na michezo mingi ambayo watengenezaji wake wameifungua kwa makusudi, wakiomba wenye lugha mbalimbali waifasiri. Na kwa kazi iliyo na mwenyewe, barua ya adabu haimgharimu mtu ila karatasi na moyo. Akikataa, hukupoteza kitu. Kiingereza chako na Kiswahili chako vimekwisha kunolewa kwa kujaribu.

Najua utaniambia kuwa u kijana wa shule, huna kompyuta yako, na mitihani yakukaribia. Sawa. Mandelin hakuanza na kurasa 1,000. Alianza, kama wote, na neno la kwanza la lugha asiyoijua. Anza na kilicho karibu nawe. Chukua maelezo ya dawa aliyopewa nyanya yako, yaliyoandikwa kwa Kiingereza asichokisoma, uyaandike kwa Kiswahili kisafi atakachokifahamu. Chukua hadithi uliyoipenda katika somo la Kiingereza, uifasiri ukurasa mmoja kila Jumamosi. Utakwama. Utakuta mzaha ambao hautaki kuvuka, na neno ambalo hulijui katika lugha yako mwenyewe, uone haya, uende kumwuliza mzee, ulipate. Siku hiyo utajua Kiswahili zaidi ya ulivyokijua jana, na hapana mtihani utakaokunyang'anya neno hilo.

Wale wa Starmen.net hawajapata mpaka leo kile walichokiomba kwanza. Kampuni haijafungua mlango. Kwa kipimo cha mngojaji wa chini ya mwembe, wao ni watu walioshindwa. Lakini waulize kama bado wana njaa. Walikwisha kula miaka mingi iliyopita, tena chakula walichokipika wao wenyewe, wakawapakulia na wageni wasiowajua.

Kijana yule wa kidato cha pili alikuja mezani pangu wiki tatu baada ya siku ile. Alikuwa na daftari la kurasa 48, na ndani yake alikuwa amefasiri maelezo ya mchezo mmoja wa simu, kwa kalamu ya risasi, akifuta na kuandika tena hata karatasi ikatoboka mahali. Makosa yalikuwa mengi. Tulikaa pamoja saa nzima tukibishana juu ya neno moja tu. Hatukulipata siku ile, naye akaondoka na daftari lake kwenda kulitafuta.

Nawe, msomaji, wangoja nini?